Kozi fupi ya ujasiriamali mtandaoni: ingia ukiwa na biashara mkononi, na usisome peke yako

SabuniZaMwani, Micheweni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Swali hili linarudi kila mara: "Nimeona kozi fupi ya ujasiriamali, unasoma kwa simu, muda wako mwenyewe. Niichukue?" Watu hujibu chukua au acha, na muulizaji anabaki alipokuwa. Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu nimeisoma kozi ya namna hiyo nikiwa hapa hapa Micheweni, na kikundi chetu cha sabuni za mwani kinafanya kazi tofauti tangu hapo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kozi fupi inamfaa mtu ambaye tayari anauza kitu, hata kama ni sahani moja ya visheti mlangoni kwao. Inamfanya aione biashara yake ilivyo. Aliyeingia mikono mitupu atatoka na istilahi. Aliyeingia na daftari la mauzo, hata liwe limechanika, kila somo linapata pa kukamata.

Niwape mfano wa kwetu. Sabuni ya mwani tunaichanganya kwa mafuta ya nazi, kostiki, unga wa mwani na viungo kama karafuu na mdalasini. Ikishakatwa haiuziki siku hiyo. Inakaa rafuni wiki nne hivi ikauke na ikomae. Ukiitoa mbichi inayeyuka haraka bafuni na mteja harudi tena. Hilo kila mama wa kikundi analijua. Lakini hatukuwa tumewahi kulihesabu kama fedha, mpaka somo la mzunguko wa fedha lilipotutaka tuandike kila shilingi inatoka lini na inarudi lini.

Tazameni hesabu hii, tarakimu ni za mfano. Mchanganyo mmoja unakula 76,000 kwa vifaa, karatasi za kufungia na nauli, na 24,000 ya ujira wa wanaofanya kazi. Jumla 100,000, na unatoa vipande 60. Kipande kimoja kimetugharimu kama 1,667. Mtaani kinauzwa 2,000, faida 333. Duka la watalii linakubali 3,000, faida 1,333, mara nne ya ile. Nani asingekwenda kwenye duka la watalii?

Lakini duka linalipa wiki nne baada ya kupokea mzigo. Wiki nne za rafuni, wiki nne za kungoja malipo. Kama mnachanganya mara moja kwa wiki, mtakuwa mmeshatoa 800,000 kabla shilingi ya mwanzo haijarudi. Kikundi chenye akiba ya 300,000 kinakwama wiki ya nne, na huku kwenye karatasi kinaonekana kina faida kubwa.

Vikundi vingi vya kina mama hufia hapo, kisha watu wakasema wanawake hawana umoja. Inaniuma kila nikisikia hivyo, kwa sababu umoja mara nyingi upo, ila fedha yao yote imelala rafuni na kwenye duka la mtu. Sisi tuliamua sehemu ya kila mchanganyo iuzwe mtaani kwa fedha taslimu, hata kwa faida ndogo, ili wiki ijayo tuweze kununua mafuta. Na kwa mzigo wa duka tunaomba nusu ya fedha mbele. Duka moja lilikataa, mengine yalikubali. Hakuna aliyetupa mtaji mpya. Tulipanga tu ule tuliokuwa nao.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kijana_Chake

Wa alaykum salaam dada. Hiyo hesabu imenigusa. Nauza vifaa vya simu hapa Chake na fedha yangu nyingi imekaa kwenye makava ya simu ambazo watu wameacha kuzitumia. Sasa niambie: kozi ipi, inagharimu nini, na bando je? Kiingereza changu ni cha skuli. Nikisoma naelewa, lakini mzungumzaji akienda mbio naachwa.

SabuniZaMwani

Mdogo wangu, kwa anayeanza ningekupeleka HP LIFE. Ni bure pamoja na cheti chake, na kila kozi ni fupi, kama saa moja, juu ya jambo moja: kupanga bei, mtiririko wa fedha, kumjua mteja. Ipo kwa Kiarabu pia. Hapa kwetu wapo wengi ambao Kiarabu cha madrasa kimewakaa kuliko Kiingereza cha skuli, na sijaona mtu akiwaambia kwamba mlango huo upo.

OpenLearn ya Open University ya Uingereza nayo ni bure, na ina maandishi mengi kuliko video, kwa hiyo haili bando. Alison unasoma bure, unalipa ukitaka cheti. Coursera ina kozi nzito zaidi za vyuo vikuu. Ada yake si ndogo kwa mtu wa kwetu, lakini kozi nyingi zina msaada wa ada, unaomba kwa kuandika hali yako na lengo lako, kisha unangoja majibu.

Bando: pakua masomo kwenye waifai ya ofisi au ya ndugu, au kwa kifurushi cha usiku, kwa ubora wa chini. Uso wa mwalimu huna haja ya kuuona vizuri. Washa maandishi chini ya video, punguza mwendo wa mzungumzaji, na usione haya kusimamisha kila sentensi.

Namna ya kuchagua ndiyo kubwa zaidi. Kabla hujajiandikisha, fungua uone kazi za kila wiki. Kama zote ni maswali ya kuchagua jibu, hapo utapimwa kukumbuka tu. Tafuta kozi inayokutoa nje ya simu: zungumza na wateja watano, andika gharama zako zote, jaribu bei mbili uone ipi inakwenda.

Kuhusu makava, usingoje kozi. Orodhesha kila bidhaa na mwezi ulioinunua. Kilichokaa muda mrefu kiuze hata kwa bei ya kununulia, fedha iende kwenye chaja na vitu vinavyotoka kila siku.

Nahodha_Mstaafu, Mkoani

Mwanangu, nimesoma yote na nakuheshimu kwa kazi yenu. Ila mimi nimekulia kwenye majahazi. Kaskazi ikivuma vyombo vilishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikivuma vikarudi, na waliofanya biashara hiyo hawakuwa na cheti cha mtu. Biashara mtu huzaliwa nayo. Mwenye nayo anayo, asiye nayo hata umsomeshe. Vijana wanatumia fedha kununua bando la kujifunza jambo ambalo baba zao walilifanya bila kusoma.

SabuniZaMwani

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kusema wazi.

Wale hawakuwa na cheti, kweli. Lakini walisomeshwa, tena muda mrefu kuliko kozi yoyote ya mtandaoni. Mtoto alipanda chombo mdogo, akaona nahodha anavyopanga mzigo, anavyomkopesha nani na anamnyima nani, anavyojua siku ya kuondoka ili upepo usimwache bandari ya watu. Kijana wa leo baba yake ni mwajiriwa, au mkulima wa karafuu ambaye kwa sheria anaiuzia ZSTC pekee, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Atamwangalia nani akitafuta mteja na kupanga bei?

Na mwani wenyewe, mzee wangu. Mwani wa kuuza nje ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Hakuna bibi aliyetuachia ujuzi huo, na hakuna mwanamke aliyezaliwa nao. Walifundishwa kufunga mbegu kwenye kamba na kusoma bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na leo ndio wanaosomesha watoto wao kwa fedha hiyo. Bahari ilipozidi joto na ile aina yenye bei, cottonii, ikawa inakufa, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Hapo wengine ndipo tukaingia kwenye unga na sabuni. Haya yote ni ya kujifunza.

Hata ule moyo wa biashara unafundishika. Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanyika Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500 waliogawiwa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida: hesabu, masoko, fedha. La pili likafundishwa kujianzishia: kuiona fursa kabla ya jirani, kujiwekea lengo, kujipanga kwa vikwazo. La tatu halikufundishwa kitu. Ukilinganisha na hao wa mwisho, faida ya kundi la kujianzishia ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la hesabu ilipanda asilimia 11 tu, kiasi ambacho watafiti wenyewe hawakuweza kukihesabu kuwa ni uthibitisho.

Na yupo profesa, Saras Sarasvathy, aliyewachunguza wajasiriamali wazoefu. Maandishi yake ya 2001 yanasema watu hao huanza na walichonacho: wao ni nani, wanajua nini, wanamjua nani; na hujiuliza kwanza ni hasara kiasi gani wanaweza kuibeba. Nadhani hayo wewe uliyaona chomboni kabla hayajaandikwa, na ndiyo sababu natamani wazee kama wewe mkae na vijana hawa wanaposoma.

Nahodha_Mstaafu, Mkoani

Marahaba mwanangu. La mwani umenishinda. Na hilo la hasara ni kweli, hatukupakia mali yote ya nyumba kwenye chombo kimoja.

Maalim_Wete

Ukhti, mimi ni mwalimu wa skuli na nataka kuuliza juu ya cheti. Vijana wangu wanaomaliza wananijia na vyeti vya mtandaoni wakidhani watapata kazi au mkopo. Vina uzito gani? Pili, nawaona wengi wanaanza na hawamalizi. Kusoma kwa muda wako kuna raha ya siku mbili, baadaye simu inajaa mambo mengine.

SabuniZaMwani

Maalim, cheti cha kozi fupi kinaonyesha kwamba umesoma, basi. Si diploma. Anayetaka sifa ya kuajiriwa na mazingira ya kusomea mbali, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimewekwa kwa ajili hiyo tangu sheria ya 1992, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ipo. Anayetaka ufundi wa mikono aende Mafunzo ya Amali, Vitongoji hapo. Kwa mkopo, sijaona afisa aliyeuliza cheti. Wanauliza unauza nini, kiasi gani kwa mwezi, na daftari liko wapi. Kama kozi imekufanya uwe na daftari la miezi sita, hilo ndilo la kubeba.

La kutomaliza ndilo linanisumbua zaidi. Kozi za edX, jukwaa lililoanzishwa na Harvard na MIT mwaka 2012, zilichunguzwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yakachapishwa 2019. Katika mwaka wa masomo 2017–18, katika kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3. Kwa waliokuwa wamelipia cheti, karibu nusu walimaliza. Hao wote si wavivu. Kozi isiyo na saa, isiyo na mwalimu wa kukuuliza, inashindana na mtoto anayelia, na bamvua, na harusi ya jirani, na kila siku inaahirishwa kwa sababu inaahirishika.

Sisi ilituokoa kusoma kwa kikundi. Tayari tulikuwa na siku ya kukutana kwa ajili ya kuweka na kukopa. Tukaongeza saa moja. Mmoja aliyepakua somo analieleza kwa Kiswahili chetu, hakuna anayesoma kwa Kiingereza mbele za watu. Kisha kila mmoja anasema atafanya nini wiki hii kwenye biashara yake, linaandikwa, na wiki ijayo linaulizwa kabla ya hisa kukusanywa. Mtu anaona haya kusema mara ya pili kwamba hakufanya. Haya hiyo inafanya kazi kuliko arifa ya simu.

Haluwa_Wete

Mie napika haluwa, na mume wangu ndiye anayeandika. Kuandika na kujumlisha kunanichosha, na kila kozi inaanza na mahesabu. Pili, nilifungua moja, ikaanza kuzungumzia mikopo ya riba kana kwamba ni jambo la kawaida, na msimu wa Krismasi. Nikaifunga. Je, hizi kozi ni zetu kweli?

SabuniZaMwani

Dada yangu wa haluwa, maswali yako mawili ndiyo niliyokuwa nayangoja.

La hesabu kwanza. Katika Jamhuri ya Dominika wafanyabiashara wadogo waligawiwa: wengine wakafundishwa uhasibu kamili, wengine kanuni chache rahisi. Kanuni mojawapo ilikuwa kuweka fedha ya biashara na fedha ya nyumbani kwenye droo mbili tofauti. Utafiti ulichapishwa 2014, na waliofundishwa kanuni rahisi ndio waliobadilika zaidi. Kwa hiyo anza na makopo mawili. Mauzo yote ya haluwa yanaingia kopo la biashara. Unajilipa ujira wako kila Alhamisi, kiasi kile kile, unautia kopo la nyumba, na sukari ya chai ya watoto inatoka huko. Baada ya mwezi kopo la biashara litakwambia kama haluwa inakulipa, hata kabla hujaandika mstari mmoja. Daftari litakuja lenyewe, na ningependa siku hiyo kalamu uishike wewe, kwa sababu bei ya samli na sukari unaijua wewe.

La riba. Kozi nyingi zimeandikwa na watu wa kwingine kwa ajili ya watu wa kwingine, na sioni sababu ya kulificha hilo. Somo la mkopo lisome kwa ajili ya kujua kupanga marejesho, kisha tafuta mtaji kwa njia isiyokutia dhambini. Mudharaba mnaijua: mmoja anatoa fedha, mwingine kazi, faida mnagawana kwa mafungu mliyokubaliana, na ikitokea hasara bila uzembe, mwenye fedha anapoteza fedha na mwenye kazi anapoteza jasho lake. Musharaka wote mnatia mtaji, na hasara inafuata kiwango cha mtaji. Yote yanataka hesabu safi kuliko mkopo wa riba, maana bila kujua faida halisi mtagawana nini? PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ina huduma za Kiislamu, waulize masharti yao kabla hujakata tamaa.

Msimu nao ubadilishe. Wakisema Krismasi, andika Ramadhani na sikukuu mbili, andika miezi ya harusi, na kwa Pemba andika msimu wa karafuu. Mwaka wa karafuu nyingi fedha inaonekana mpaka kwenye vibanda vya juisi; mwaka wa karafuu chache hata haluwa inakatwa vipande vidogo. Kozi inakufundisha kuuliza mteja wako ana fedha lini. Jibu unalo wewe.

Na usajili vile vile. Kozi itakwambia ufungue kampuni kwa sheria za Marekani, liruke somo hilo. Hapa jina la biashara ni BPRA, viwango ni ZBS, chakula na vipodozi ni ZFDA, na sabuni zetu zinahesabiwa humo. Kodi tuna ZRA na pia TRA, ulizia ipi inakuhusu kwa lipi. Nendeni mkaulize mkiwa bado wadogo. Mnunuzi wa hoteli akikutaka karatasi leo, kuanza kuzitafuta leo ni kumpoteza.

Mtu_wa_Mwera

Salaam kutoka Unguja. Nina jambo moja tu. Kuna watu wanapita kwenye makundi ya WhatsApp wakiuza kozi ya ujasiriamali kwa 50,000, unatumiwa faili la kurasa chache na cheti chenye mhuri. Mdogo wangu alilipa. Tahadharini.

SabuniZaMwani

Pole sana kwa mdogo wako. Kabla ya kulipa mtu yeyote, omba uone somo moja zima na kazi moja ya kufanya. Uliza nani atasahihisha. Kama jibu ni cheti, cheti, cheti, usitoe fedha yako. Na ukiona faili hilo hilo linapatikana bure mahali pengine, waambie wenzako humu bila kuona tabu.

Kijana_Chake

Dada, nimeshaorodhesha makava, ni mengi kuliko nilivyodhani. Nimeanza ile kozi ya mtiririko wa fedha pia. Tatizo sina kikundi. Huku mjini kila mtu na duka lake, na nikimwambia mwenzangu wa simu nione mauzo yako atadhani namchunguza.

SabuniZaMwani

Ni kweli, wa biashara moja mtaa mmoja hawatafunguliana daftari. Tafuta wa biashara tofauti: fundi cherehani, muuza mboga, mwenye bodaboda. Watatu wanatosha, wanne ni vizuri zaidi. Hakuna haja ya kuonyeshana tarakimu. Kila mtu aseme wiki hii atabadilisha nini, na wiki ijayo aseme kama amebadilisha na kumetokea nini.

Maalim, skuli yako ina chumba kinachokaa bure Jumamosi asubuhi?

Maalim_Wete

Kipo, na waifai inafika. Nitazungumza na mwalimu mkuu. Wa Wete tu lakini, Kijana wa Chake ni mbali kidogo.

Haluwa_Wete

Mie naja. Nitaleta makopo yangu yote mawili.

Nahodha_Mstaafu, Mkoani

Kijana wa Chake, mimi hupanda gari kuja Chake kila Jumanne kwa mambo yangu. Kama mtapata hao watatu, nitakaa nanyi baada ya adhuhuri. Sijui kutumia hizo kozi, ila habari za kukopesha watu nazijua.

Kijana_Chake

Nimepata fundi cherehani, na muuza samaki wa sokoni anafikiria. Jumanne hii tunaanza, mzee wangu, nyuma ya duka langu kuna kivuli na viti.

SabuniZaMwani

Mashaallah. Anzeni na somo la kupanga bei, ni fupi na kila mtu ana bei ya kuleta. Kijana, pakua wewe kabla ya Jumanne, mfanyie fundi na muuza samaki muhtasari kwa Kiswahili. Wa Konde, wa Kengeja na wa Unguja mnaotaka wenzenu wa kusoma nao, andikeni hapa chini mko wapi na mnauza nini.